Karanga za Dafrosa

Asubuhi ya kupulizia dawa, Batuli alijaza mabomba mawili uani kwa mkulima mmoja, mama Dafrosa, Goweko. La bluu, lenye dawa ya madoa ya majani, lilikuwa la shamba la jirani, Benjamini. La njano, lenye maji matupu, lilikuwa la Dafrosa. Mbegu ya karanga ilikuwa moja, ile mpya yenye punje kubwa, na mradi uliomwajiri Batuli ulitaka kujua ingefika wapi bila dawa.

“Usinibanie dawa, mwanangu,” alisema Dafrosa. “Kulima tumbaku nimeacha kwa sababu ya kifua. Mabati yangu yote ya kuezekea yatatoka shambani humo.”

“Sawa, mama.”

Shamba lilipakana na njia ya zamani ya misafara. Batuli alipoanza kupuliza maji, karanga ziliacha jua zikamwelekezea majani yeye. Alipozunguka, zilimfuata.

“Zimekuzoea,” alisema Dafrosa, akichambua mchicha. “Za Benjamini hazimjui mtu.”

Mjini Tabora, Batuli alimweleza mkuu wa mradi, Bwana Gerson, jinsi karanga zilivyomfuata.

“Siku ya kupima simama mbali,” alisema Gerson, “zisije zikapinda.”

“Nilitaka pia nimwambie mama Dafrosa kuhusu maji.”

“Ukimwambia atanunua dawa dukani. Sisi tutalinganisha nini?”

Batuli hakuzoea kubishana na wakubwa.

Madoa yaliingia, majani yakapukutika. Machache yaliyobaki yaliendelea kumtazama.

Wakati wa mavuno, punje za Benjamini zilikuwa nene kama kidole gumba. Maganda ya Dafrosa yalikuwa mepesi, na mengi hayakuwa na kitu. Gerson alifurahi, maana tofauti ilionekana hata bila mzani. Dafrosa alichagua punje chache zilizojaa, akazifunga kwenye kipande cha kanga, akampa Batuli.

“Wewe ulijitahidi. Ardhi yangu ndiyo imechoka.”

Batuli alifungua mdomo. Mashina yaliyong'olewa na kuanikwa mizizi juu yaligeuka taratibu, yote kwa pamoja, yakasubiri.

“Asante, mama,” alisema.

Msimu uliofuata Gerson alichagua mashamba yaleyale. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Batuli alipotua bomba la njano uani, karanga changa zilikuwa zimeshageuka upande wake. Dafrosa alitoka ndani na sufuria iliyokuwa ikikinga maji ya paa linalovuja.

“Usihangaike kwenda kisimani,” alisema. “Changanyia dawa haya.”

Batuli aliipokea kwa mikono miwili, akayamimina maji yote kwenye bomba la njano.