Jina Lililopita Tabaka Tatu

"Fumua huo," shemeji alisema, akautupa mfarishi juu ya meza, katikati ya foronya za watu.

Chapchap hakuhitaji kuukunjua. Aliujua. Dada yake aliuunga viraka miezi yote ya ujauzito: gauni la njano lililochoka, mashati mawili ya kijani, shuka ya bluu iliyochanika. Akaweka pamba katikati, akaweka kitambaa laini chini, akashona mistari ya kushikilia tabaka zote tatu zisitembee. Sasa, kila fundi anajua, kazi ya namna hiyo unadarizi kwanza, kitambaa cha juu kikiwa peke yake, ndipo unaleta pamba. Dada akakataa katakata.

"Mimi nashona kwanza, wewe darizi mwisho. Pitisha sindano mpaka chini. Hata mtoto akiugeuza, alione jina lake."

Chapchap alilalamika wee. Sindano zilivunjika, aliitukana mashine na walioiunda, dada anacheka huku kashika tumbo asije akazalia pale pale. Lakini jina likatoka. Jekundu, mbele na nyuma.

Mtoto aliulalia wiki chache tu. Homa ikambeba hata jino hajaota. Halafu shemeji naye akajibeba, akahamia kwa mwanamke mwingine. Dada akabaki na sanduku, na ndani ya sanduku mfarishi. Nguo nyingine zote za mtoto ndugu wa mume walishazigawa.

"Umeutoa wapi?" Chapchap aliuliza.

"Nyumbani kwangu. Au siku hizi naingia kwa hodi?"

"Dada anajua?"

"Dada yako kaenda kupeleka mapazia, nimemwona akipita. Sikiliza, shemeji. Huyu mwenzangu anajifungua mwezi huu. Kauona mfarishi kwenye simu yangu, kaupenda, hali, halali. Kitu kizima kinalisha mende sandukuni! Toa hilo jina, mtoto apate pa kulala."

"Madukani mablanketi yamejaa mpaka yanamwagika."

"Anataka huu. Mwanamke mwenye mimba unabishana naye? Wewe hujaoa, utajuaje."

"Mimi sifumui."

Shemeji hakupandisha sauti. Aliweka kiganja juu ya mashine ya kudarizi, akaipapasa kama ng'ombe wake mnadani.

"Hii nani kainunua?"

Aliinunua shemeji mwenyewe. Kabla ya mashine hiyo alikuwa akibeba mifuko ya saruji, mpaka mgongo ukawa unalia kama mlango mbovu. Shule aliiachia njiani. Cheti hana, baba hana, mtu wa kumshika mkono hana. Mashine ndiyo baba, ndiyo cheti.

"Jioni napita," shemeji alisema. "Nikikuta jina, naondoka na mashine. Nikikuta halipo, mashine yako moja kwa moja, sitaiulizia tena. Na ufanye chapchap kama unavyoitwa. Au huo uchapchap ni wa mdomoni tu?"

Akaondoka akipiga mluzi.

Chapchap akatukana mlango. Akazunguka chumba, akafika kwenye cherehani ya dada kando ya dirisha, akarudi. Akaupeleka mfarishi puani. Ulinuka sabuni tu. Akajiambia atajaribu herufi moja, aone inatokaje. Uongo huo aliuamini kwa urefu wa herufi moja.

Aliugeuza mfarishi, akakata nyuzi za chini kwa wembe, akaugeuza tena na kuvuta za juu kwa kibano. Vipande vyekundu vikawa vinaanguka sakafuni kama kucha zilizokatwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hakuna wa kumbishia hilo. Kabla jasho halijamfika kidevuni, jina zima lilikuwa chini.

Ila jina halikuondoka. Uzi umetoka, matundu yamebaki, na katika kila tundu pamba imechungulia. Lilikuwa jekundu, sasa jeupe. Linasomeka vilevile. Akakwaruza kwa ukucha, akanyunyiza maji, akapiga pasi. Wapi! Nyuma ndiyo usiseme.

Likabaki jambo moja, lile ambalo dada humcheka nalo kila akikosea: fundi kilaza hufunika kwa ua. Akaubana mfarishi kwenye fremu ya duara, akavisha mashine uzi wa waridi, akakanyaga. Petali moja, ya pili. Herufi mbili za mwanzo zikazama.

"Yule mama mjinga kweli!" Dada aliingia akijipepea kwa mkono. "Kapima dirisha kwa macho, pazia fupi, mchawi mimi! Nikamwambia, mama, ungenipa dirisha lenyewe nije ni..."

Akauona mfarishi kwenye fremu.

"Hiyo nini?"

"Dada, ngoja nikueleze."

"Nimeuliza hiyo nini."

"Shemeji kaleta kazi."

"Ya nani?" dada aliuliza. "Ya mtoto wa yule mwanamke wake?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukashika wembe."

"Anachukua mashine, dada! Nikale wapi? Nirudi kwenye saruji?"

"Ungeniambia. Tungebeba wote hiyo saruji."

Alisema taratibu kabisa, kama anayemweleza njia mgeni. Afadhali angemzaba kofi.

"Zima mashine," dada akasema.

"Limeshatoka, dada. Nikiacha sasa, mfarishi umeharibika na mashine imekwenda. Tukose vyote? Bado kidogo tu."

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Ndiyo maana alishindwa kumtazama usoni. Nje jua lilikuwa limeshuka mpaka kizingitini, na kila kiatu kilichopita barabarani alikisikia kama cha shemeji.

Dada hakuunyang'anya mfarishi. Aliweka mkoba chini, akapiga magoti, akaanza kuokota nyuzi nyekundu, mmoja mmoja, akizipuliza vumbi na kuziweka kiganjani. Akaokota za kando ya meza. Akaokota zilizonasa kwenye mguu wa kiti. Akajivuta mpaka chini ya mashine, ambako zilikuwa nyingi.

"Inua mguu," akasema.

Chapchap akainua mmoja, dada apitishe mkono. Ule mwingine akauacha kwenye pedeli, akakanyaga.