Pumzi Kamili ya Bi Inshirah

Siku ya kumi na mbili tangu magari yapungue Kairo kwa sababu ya korona, Bi Inshirah alikuwa sebuleni kwake Shubra, ghorofa ya tatu, akichambua majani ya mlukhiyya. Alivuta pumzi, ikaingia yote. Kwa miaka thelathini na moja pumu haikuwa imemruhusu zaidi ya nusu. Akavuta nyingine. Ya tatu ilimnyanyua kitini hadi kichwa kikagusa dari, mboga bado mkononi.

"Wagdi," alimwita mwanawe, "niletee sinia huku."

Wagdi alipanda mezani akampa.

"Na hili kabati ulisema umelifuta," mama akasema. "Ulifuta wapi?"

Dakta Talaat alieleza kwa simu kwamba mapafu yaliyozoea moshi yakipata hewa safi ghafla, mwili hukosa uzito. Akaagiza kilo mbili za mchele katika kila mfuko wa gauni. Ijumaa Bi Inshirah aliupika mchele wote, akatoka kupitia roshani.

Wagdi alikuwa amemfunga kiunoni kamba ya kuanikia nguo, akawa anailegeza kidogo kidogo. Mama alipanda hadi ghorofa ya sita kwa Umm Nagat, mgonjwa wa sukari asiyeweza ngazi, akampelekea insulini. Huko juu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakukohoa. Tangu hapo akawa anapanda kila siku.

Jioni moja, saa moja, askari alimwona kutoka barabarani.

"Hajjah, muda wa kutotoka nje umeanza."

"Nimetoka wapi, mwanangu? Kamba iko ndani."

Askari aliifikiria ile amri. Ilitaja barabara tu.

"Basi vaa barakoa," akasema, akaenda zake.

Kiangazi vizuizi vililegezwa, lakini watu waliogopa kubanana kwenye mabasi madogo. Wagdi aliuza pikipiki na pete ya uchumba aliyorudishiwa, akanunua gari kuukuu.

"Sitaki uambukizwe, mama," alisema. "Humu tutakuwa wawili tu."

Mama alimbusu kipaji cha uso. Jirani wa chini naye alinunua kwa ajili ya mama yake, na wa mkabala kwa ajili ya wazazi wote wawili. Mtaa uliokuwa na safu moja ya magari ukawa na tatu.

Bi Inshirah alianza kushuka. Wiki ya kwanza hakulifikia dari. Ya pili kamba ilimfikisha ghorofa ya nne tu, na Umm Nagat akamwinamia dirishani.

"Jitahidi, dada."

"Najitahidi. Kifua hakitaki."

Wiki ya tatu nyayo zake zilikanyaga vigae, akakohoa mpaka asubuhi. Wagdi akamtia garini kumpeleka kwa daktari. Darajani walikaa saa mbili bila kusogea.

"Hawa wote wanakwenda wapi?" mama aliuliza kwa shida.

Wagdi alishusha kioo, akamuuliza dereva wa kando, akakipandisha upesi.

"Huyu anampeleka baba yake kwa Dakta Talaat. Anasema hata wa mbele yake anakwenda huko."

"Pumu?"

"Pumu."

Dakta Talaat alimpandisha kwenye mizani: kilo sabini na nane. Akafurahi sana. Akaandika kwenye faili kwamba ugonjwa wa kuelea umekwisha, akampa inhela mbili na mkono wa hongera, kisha akamwomba Wagdi aondoe gari, maana wagonjwa wengine walikosa pa kuegesha.