Ruhusa ya Mwalimu Gasper

Watu wa Masasi walipomwona Mwalimu Gasper Mlowe akizunguka uwanja wa shule, visikizi masikioni na mkononi fimbo yenye sahani chini, walisema anatafuta mali ya Wajerumani. Alijaribu kueleza, kisha akaacha. Alikuwa mwalimu wa fizikia, mwenyeji wa Njombe. Mashine ile ya kutambua metali alikuwa ameletewa na dada yake anayeishi nje, ambako watu huitumia kujifurahisha siku za mapumziko. Mkuu wa shule alimruhusu kuizungusha uwanjani, naye akaokota vifuniko vya soda, misumari, pedali ya baiskeli, na siku moja funguo za stoo zilizopotea tangu enzi za mkuu aliyetangulia. Baada ya zile funguo hakuna aliyemcheka tena pale shuleni.

Uwanja ulipokwisha kumpa ulichokuwa nacho, akaanza kutamani mahali pengine. Mwalimu mwenzake akamtajia Mnauke, kijiji cha upande wa Newala, ambako kuna kuta zilizobomoka za tangu vita vya Wajerumani. Jumamosi iliyofuata Gasper alifunga mashine kwenye pikipiki akapanda hadi uwanda wa juu wa Newala. Alizikuta zile kuta zimezingirwa na mikorosho, hakuona mtu, akavaa visikizi. Sauti ya kwanza ilipolia alipiga magoti akachomoa kijiko chake cha kuchimbia.

Alipoinua kichwa, palikuwa na mwanamke amesimama mbele yake, na nyuma yake wanaume watatu waliotoka mashambani na mapanga yao.

Mwanamke huyo alikuwa Dorika, mtendaji wa kijiji, ambaye wote humwita Mama Flora. Hakupandisha sauti. Alimsalimu, akasubiri avue visikizi, ndipo akamuuliza, "Ndugu, nani amekuruhusu kuchimba hapa?"

Gasper akasema hakudhani panahitaji ruhusa, kwa kuwa ni magofu tu, na hapana mtu anayeyatumia.

"Hayana mtu anayeyatumia, lakini yana mwenyewe," Dorika alisema. "Funika hilo shimo, twende ofisini."

Njiani mmoja wa wale wanaume alimweleza kwa nini wamekuja wengi. Mwaka uliotangulia walikuja wageni na mashine kama ile, hawakumwomba mtu ruhusa, wakafukua mpaka makaburini. Waliofukuliwa ni wazee wa ukoo wa Bibi Sabina, ambaye shamba lake linapakana na zile kuta. Watu walikuwa bado na hasira. Gasper aliyatazama mapanga yale, safari hii kwa macho mengine.

Dorika angeweza kumkabidhi polisi, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alimpa kiti, akaita mtu amletee chai, akampigia simu afisa utamaduni wa wilaya. Kisha akamwambia aende akaonane naye Jumatatu, aulize panaporuhusiwa na pasiporuhusiwa, na akirudi apitie ofisini kwanza. Gasper alitoka pale ameshikilia kofia yake. Aliposema asante ilitoka kama mnong'ono.

Afisa utamaduni, Wilhelmina, alikuwa mama mnene mwenye subira, na alimsikiliza mpaka mwisho. Alimweleza kwamba vitu vya kale ni mali ya taifa, na kwamba kwenye magofu, maboma na makaburi ya zamani hachimbi mtu bila leseni ya wanaosimamia mambo ya kale, leseni ambayo hutolewa kwa utafiti, siyo kwa mapumziko ya Jumamosi. Dhahabu na vito vina sheria yake na ofisi yake. Hifadhi za wanyama na misitu zina wenyewe. Kwa mtu kama yeye, alisema, paliposalia ni mashamba na viwanja, na huko ni lazima mwenye shamba akubali na serikali ya kijiji ijue. Akikuta kitu kinachoonekana cha kale, akiache kilipo atoe taarifa. Akikuta kitu kama risasi au bomu la vita, asikiguse kabisa, awaite polisi.

"Nikifuata yote hayo, mama, kitabaki nini?" Gasper aliuliza.

"Kitabaki unachokitafuta hasa," Wilhelmina alijibu. "Ulisema unapenda kujua chini kuna nini. Hukusema unataka kuchukua."

Maneno hayo Gasper aliondoka nayo. Alirudi Mnauke, akapitia ofisini kama alivyoagizwa, na Dorika akampeleka mwenyewe kwa Bibi Sabina.

Bibi Sabina alikuwa amekaa kibarazani akibangua korosho za kula nyumbani. Gasper alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Alieleza shida yake huku akiwa amechuchumaa chini. Bibi akauliza kama yeye ni mmoja wa wale waliofukua. Gasper akasema hapana, ila kwamba naye alipiga magoti kwenye zile kuta bila kuuliza, na anaomba radhi kwa hilo. Bibi akaendelea kubangua, kisha akamwambia kwamba tangu mume wake afariki, hakuna mgeni aliyewahi kuja kumwomba yeye kitu cha shamba lile, wote huwaendea shemeji zake. Akampa ruhusa kwa masharti. Asisogelee makaburi, afukie kila shimo, na asije wakati korosho zinaanguka.

Basi Gasper akawa mtu wa Mnauke siku za Jumamosi. Alitembea polepole kati ya mikorosho, akafukua jembe lililoliwa na kutu, sufuria bila mpini, bangili ya shaba ambayo Bibi Sabina aliitambua kuwa ya binti yake wa kwanza. Bibi aliifuta kwa khanga, akaingia nayo ndani, na siku hiyo hakutoka tena. Wiki iliyofuata alimkaribisha Gasper ugali. Chakula kilipokwisha alimimina maji ya kunawa kidogo sana, kijito chembamba kwenye ncha za vidole, na akaomba radhi kwa uchache wake.

Hapo ndipo Gasper alipojua habari ya maji. Mnauke ilikuwa na bomba lake, na kioski cha kuchotea katikati ya kijiji. Misimu miwili ya korosho iliyopita barabara ilinyanyuliwa kwa kifusi, na baada ya hapo maji yakapungua, kisha yakakatika. Koki kubwa ya kugawia maji ilikuwa imefunikwa mahali fulani chini ya kifusi. Mzee aliyeiweka miaka hiyo alikuwa amekwisha kufariki. Kamati ya maji ilichimba hapa na pale mpaka wenye barabara wakawakataza kuiharibu. Watu wakabaki na visima vya kuvunia maji ya mvua, na kiangazi kikiwa kirefu, wanawake huteremka bondeni na ndoo alfajiri.

Gasper hakusema kitu kwa Bibi Sabina, kwa sababu hakutaka kuahidi asichokiweza. Alikwenda kwa Dorika. Alimweleza kwamba mashine yake haisikii bomba la plastiki, lakini koki ya chuma na mfuniko wake inaweza kuvisikia, kama havikuzama sana.

"Kwa nini unaniambia mimi?" Dorika aliuliza. "Barabara iko wazi. Ungepita tu ukapima."

"Nimejifunza kuuliza," Gasper alisema.

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Dorika alicheka. Aliitisha kikao, kijiji kikakubali, na yeye mwenyewe akafuatilia kibali cha wenye barabara na cha wahusika wa maji. Ilichukua muda. Kibali kilipotoka kilikuja na mtu, fundi wa maji aliyeitwa Fortunatus, ili kusiwe na shimo lolote litakalochimbwa bila yeye kuwepo.

Siku ya kazi watu wengi walijitokeza kuliko Gasper alivyopenda. Asubuhi yote ilikuwa ya aibu. Kile kifusi chekundu chenyewe kina chuma ndani yake, mashine ikawa inalia kila mahali, na alipofikiri amepata sauti safi wakachimba wakatoa kopo la rangi, halafu kipande cha bati. Watu wakaanza kuondoka. Gasper alikaa chini kivulini akazima mashine. Alimwambia Fortunatus kwamba huenda amewapotezea watu siku yao.

Fortunatus alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwambia wapumzike, kisha akamwomba aonyeshe jinsi mashine inavyofanya kazi. Gasper alipokuwa akieleza, alijikuta akirekebisha usikivu wa mashine, akiupunguza mpaka mlio wa kifusi ukazimika na kubaki ule wa vyuma vikubwa tu. Wakakubaliana waache katikati ya barabara, wafuate ukingo kutoka kwenye kioski, kwa sababu Fortunatus alisema mafundi wa zamani hawakupenda kuweka koki palipopita magari. Wakaenda hivyo hatua kwa hatua, Gasper na sahani yake mbele, Fortunatus na vigingi nyuma, mpaka mahali bomba linapokunja kuelekea shule ya msingi. Mlio uliokuja hapo haukuwa wa kopo. Ulikuwa mzito na mrefu, ukaanza na kuishia palepale kila alipopitisha sahani.

Walichimba kwa zamu. Jembe likagonga, na Fortunatus akalishusha, akaendelea kwa mikono. Mfuniko wa chuma ukatokea, na chini yake kisanduku cha saruji kilichojaa udongo, na ndani ya udongo ile koki, ikiwa imefungwa karibu yote, kama iliyozungushwa na waliomwaga kifusi wakaisahau. Fortunatus aliipaka mafuta, akaiacha, akairudia. Ilipogeuka, watu wote wakageuza vichwa. Walikuwa wakisikiliza upande wa kioski.

Maji yalitoka mekundu kwanza, yakikohoa hewa, kisha yakawa ya kahawia, kisha yakaanza kung'aa. Wanawake waliokuwa wameondoka walirudi na ndoo. Mwenyekiti wa kijiji alitaka kutoa hotuba, akaona watu hawana nafasi ya kumsikiliza, akashika ndoo naye.

Gasper alikuwa amesimama kando akisafisha mashine Dorika alipomfuata. Alimwambia kwamba kijiji kinamshukuru, na yeye anamshukuru. Gasper akatikisa kichwa.

"Mama Flora, shukrani ni zangu," alisema. "Siku ile ungeniacha niendelee, ningetoka pale na msumari mfukoni na kudhani nimepata kitu. Ulikuwa na haki ya kunifunga, ukanipa chai. Sijawahi kukuambia, lakini kila nikija huku nakumbuka."

Dorika alitazama chini, akasema kwamba chai yenyewe haikuwa na sukari ya kutosha.

Bibi Sabina alikuwa amepanga foleni kama wengine, akakataa kupishwa mbele. Ndoo yake ilipojaa alimwita Gasper aje anawe. Akachota kata nzima, akammiminia mikononi, akachota tena, maji yakimwagika hadi viatuni na kuchimba kijito kwenye vumbi. Gasper alisema yanatosha. Bibi akamwambia anyooshe mikono vizuri, na akaendelea kumimina, huku akimtaja Mungu kwa Chimakonde, taratibu, maneno ambayo mwalimu hakuyajua yote.