Mkono wa Mzee Vávra

Siku ya kumuaga Mzee Vávra, Radka, injinia, alifika maabara saa nzima kabla ya watu. Akapanga glasi, akaweka keki ya jibini, akafuta meza iliyokuwa safi tayari. Mwenye aibu hujitia kazi. Siku arobaini alikuwa amebeba neno ambalo angelisema siku ya kwanza, lingekwisha.

Jambo lenyewe ni hili. Pale Liberec, mji wa Ucheki, kazi yao ni kupiga picha vioo vinavyopasuka. Walikuwa na tone la kioo la mwisho, lenye mkia mrefu, la fundi mmoja aliyezima tanuri lake na kwenda zake kaburini. Tone kama hilo ukiligonga kichwa kwa nyundo halivunjiki. Vunja ncha ya mkia, lote linakuwa unga kabla hujapepesa jicho. Kamera yao hupiga picha laki tatu kwa sekunde, ila kumbukumbu yake hubeba sekunde mbili tu. Basi hupiga na kufuta, hupiga na kufuta, na mtu hubonyeza kitufe baada ya kioo kuvunjika, ili ishike yaliyokwisha kupita. Ukichelewa zaidi ya hizo sekunde mbili, imekula kwako.

Kubonyeza ilikuwa kazi ya Vávra, fundi wa kamera, miaka ishirini na minane. Siku ya kulivunja tone hilo, koleo likabana mkia, paa, Vávra akabonyeza. Walipotazama picha, hamna tone. Unga tu umelala mezani.

"Ulisinzia, mzee?" vijana wakamtania. "Tukuletee kahawa au kitanda?"

Vávra aliutazama mkono wake. "Nilidhani nimewahi," akasema. "Labda mkono umezeeka." Wiki hiyohiyo akaandika barua ya kustaafu, na nafasi yake ikapewa mtu mwingine.

Jioni ya siku ile ya tone Radka alifungua mipangilio ya kamera, akaliona kosa, na kosa lilikuwa lake. Siku moja kabla, watoto wa shule walikuja kutembelea, naye akawapasulia puto. Akaigeuza kamera ianze kupiga pale kitufe kinapobonyezwa, isishike yaliyopita. Hakuirudisha. Mzee alibonyeza kwa wakati wake, lakini kamera ilikuwa haijashika kitu. Radka akarudisha mipangilio, akazima taa, akaenda nyumbani. Kesho nitasema, akajiambia. Kesho ikazaa kesho. Wala usimwonee huruma, mimi simwonei.

Basi watu wakajaa, slivovice, pombe kali ya plamu, ikamiminwa. Vijana wakamzawadia Vávra kitufe kikubwa chekundu cha plastiki, "cha kufanyia mazoezi nyumbani." Watu wakacheka. Vávra naye akacheka, lakini mkono wa kulia aliutia mfukoni, na Radka akauona ukiingia. Hapo akashindwa kunyamaza.

"Si yeye," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Si Mzee Vávra. Ni mimi. Niliiacha kamera kama ilivyokuwa siku ya puto. Nilijua jioni ileile, nikanyamaza."

Kijana aliyeleta kitufe akatazama viatu vyake. Radka alitamani mtu amtukane. Tusi lingekuwa nafuu.

"Bibi injinia," Vávra akasema polepole, "unasema sikuchelewa?"

"Hukuchelewa."

"Mkono mzima?"

"Mzima, mzee."

Akautoa mfukoni, akavikunja vidole, akavikunjua. Hakukasirika. Uso wote ulichangamka, akatoa simu akampigia mkewe. "Vlasta, mkono mzima. Ndiyo, mzima, nakwambia. Nenda kwa jirani ukachukue kile kisu changu." Akasikiliza. "Aa. Kweli. Basi tena."

Akairudisha simu mfukoni. "Ni kisu cha kubebeshea mitofaa, kupachika kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine," akamweleza Radka kwa upole, utadhani mzee ndiye mwenye kosa. "Nilikigawa, nikiogopa nitajikata. Vlasta anasema miti imeshachanua, msimu umepita."

"Si mwakani utabebesha?"

"Nitabebesha. Ila ulikuwepo mmoja aliupanda baba, umeoza shina. Nilitaka kikonyo chake kabla haujaanguka. Umeanguka juzi, na upepo; mwakani utakuwa umekauka."

Radka hakuwa na uso wa kumtazama. Vávra akamkatia kipande cha keki kwa mkono ule wa kulia, akamnyooshea sahani. Radka akaipokea kwa mikono miwili, akasimama nayo vile vile mpaka watu wakaondoka.