Mfuko Uliotakiwa Kuwa Mtupu

Mimi ni mwoga, na afadhali niseme mapema. Watu wakisikia natengeneza filamu za hali halisi hudhani nina moyo wa simba. Wangu ni wa kuku. Tarehe kumi na tatu Agosti, miezi mitano baada ya vinu vya nyuklia kulipuka, nilisimama nje ya lango la Mzee Izumida nikiwa na suti nyeupe ya karatasi, barakoa, glavu mbilimbili na vifuko vya plastiki juu ya viatu, na bado sikuthubutu kulivuka.

Kijiji cha Kamisawa kiko kilomita sita tu kutoka kwenye vinu. Wenyeji walihamishwa wote mwezi Machi. Sasa serikali ilikuwa ikiwaruhusu kurudi mara moja, mtu mmoja kwa kila nyumba, kwa muda wa saa mbili. Kila mtu alipewa mfuko mkubwa mweupe wa kutolea alichokiacha: picha, hati za shamba, vibao vya majina ya marehemu. Nilitaka kumrekodi mtu mmoja akiingia kwake na kutoka na mfuko wake. Mzee Tokusaburo Izumida, mkulima wa mpunga wa miaka sabini na minane, alikubali haraka mno. Nilipaswa kujiuliza kwa nini.

"Dada Nihei, unaingia naye?" aliniuliza Owada, dereva wa halmashauri, bila kubanduka kwenye kiti.

"Nitarekodi nikiwa hapa langoni. Ndani mwanga ni mbaya."

"Mwanga, ee," alisema, akapandisha kioo.

Mzee alinitazama, akanionea huruma. "Kaa hapahapa, binti. Ndani kuna panya na mimi tu, na wote tumeshazeeka."

Alipita kwenye majani yaliyomfika kiunoni. Nilimrekodi mgongo mpaka mlangoni, na pale nikamwona akiinama kuvua viatu. Asubuhi nzima tulikuwa tumeambiwa tuingie na viatu, vumbi la ndani ni hatari. Nilicheka ndani ya barakoa. Nani anaingia kwake na viatu, kama si ng'ombe?

Kisha mlango ukafungwa, na kicheko kikaniisha. Kipimo cha mionzi kifuani kilikuwa kikilia ti, ti, ti. Nyenze walipiga kelele kwenye miti kama kawaida yao, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba kila kitu kilikuwa kizuri na kibichi. Hatari yenyewe haikuwa na harufu wala rangi. Nilipumua kidogokidogo, kama mtu anayeiba hewa.

Saa moja ikapita, kisha nusu nyingine. Mzee hajatoka. Nikiogopa huwa natazama nilichorekodi, ili macho yapate kazi. Nikarudisha nyuma. Mgongo, majani, mfuko mkononi. Mzee akaubadilisha mkono, maana ulikuwa umemlemea.

Nikarudisha tena. Mfuko ulikuwa umejaa.

Watu wote huingia na mfuko mtupu, hutoka umejaa. Wa mzee uliingia umejaa. Wiki mbili kabla, mzee wa kijiji jirani aliaga kwamba anakwenda kutazama ng'ombe wake, na wenzake walimkuta zizini akiwa amejiua.

Nikagonga kioo cha gari. "Owada, mzee hana nia ya kutoka!"

"Polisi watachukua saa nzima kufika," alisema, uso umemkauka. "Na muda wetu umebaki dakika ishirini."

Sikuwa jasiri. Niliogopa kubaki pale nje kuliko nilivyoogopa kuingia, basi. Kila hatua kipimo kilizidi kulia, mpaka ti-ti-ti ikawa mlio mmoja. Nikasukuma mlango, nikapandisha mguu.

"Viatu!" sauti ikanguruma kutoka ndani.

Nikavua kabla sijafikiri. Wazazi wetu walitulea vizuri mno. Nikajikuta nimesimama na soksi juu ya vumbi lilelile nililolikimbia kwa miezi mitano.

Mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya madhabahu ya ukoo, amevaa kimono cheusi cha msiba. Suti ya karatasi alikuwa ameikunja vizuri kando, na barakoa juu yake. Mbele yake, mfuko sasa ukiwa mtupu, palikuwa na chungu cha mifupa ya marehemu kilichofungwa kitambaa cheupe, farasi wa tango mwenye miguu ya vijiti, fungu la mabua makavu na kiberiti.

"Mzee, usiwashe moto."

"Siwashi hapa. Nitauwasha langoni jioni ukishaondoka, umwonyeshe mke wangu njia. Mwambie Owada hukuniona."

"Kwa nini?"

"Leo ni Bon ya kwanza ya Fumi," alisema. Bon ni siku chache za Agosti ambazo wafu wetu hurudi nyumbani. "Mke wangu alifia kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule tulikohamishiwa, juu ya kadibodi, akiniuliza kama nilifunga gesi. Leo roho yake inarudi nyumbani. Itakwenda wapi, kwenye kadibodi? Kule hakujui. Atakuja hapa, apige hodi, halafu nani amwitikie?"

"Na Bon ikiisha?"

Akanyoosha kitambaa cha chungu. Nikatazama pembeni: hapakuwa na maji, wala chakula, wala godoro. Nikaelewa.

"Rekodi tu, binti," alisema kwa upole. "Si ndicho ulichokuja kutafuta?"

Maneno yale yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli. Hata katika hofu ile jicho langu lilikuwa limeshapima mwanga wa dirishani juu ya kimono, na likaupenda. Nikazima kamera. Nilikosea kitufe mara mbili.

"Umenitumia, mzee! Mimi ndiye niliyekuleta. Ukibaki humu, nitalala vipi?"

"Nisamehe," akasema, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Kule kuinama kulinitisha kuliko kipimo. Alikuwa akiniaga. Nje, Owada akapiga honi.

"Umemtengenezea farasi," nikasema, nikitafuta lolote. "Si atampanda, aje tunakokaa?"

"Fumi?" Mzee akaguna. "Fumi anaogopa hata baiskeli! Miaka hamsini namwambia panda nyuma, anakataa. Farasi ni desturi tu."

"Basi nitambeba mimi."

Kwa bibi yangu, huko milimani, watu huwafuata wafu wao makaburini siku ya Bon, wakachuchumaa na kuwabeba mgongoni mpaka nyumbani. Nilipokuwa mdogo niliona, nikacheka, nikazabwa kofi. Sasa nikaigeuzia madhabahu mgongo, nikachuchumaa, nikapeleka mikono nyuma.

"Mama Fumi, panda. Mimi ni Sayo, mtoto wa akina Nihei wa Iwaki. Gari linatusubiri. Mzee anakuja nyuma yako."

Mapaja yaliniwaka moto. Niliogopa mzee atanicheka. Niliogopa hatanicheka. Na nitasema ukweli: niliogopa kwamba mama yule angepanda kweli.

Nikasikia magoti yakilia nyuma yangu.

"Shika mabega, Fumi," mzee akasema kwa sauti ya kila siku, ya mume aliyechoka kungoja. "Siyo shingo, utamkaba binti wa watu. Haya, inuka polepole. Tupitie jikoni kwanza."

Jikoni akanielekeza kwenye kona, akaonyesha kwa kidole. "Umeona? Gesi nilifunga. Miezi mitano unaniuliza."

Akavaa suti yake juu ya kimono, akakumbatia chungu, akafunga mlango. Nikapita kwenye majani nimeinama, mikono nyuma, viatu nimeviacha mlangoni. Owada akashuka garini kwa mara ya kwanza siku ile, akatufungulia mlango wa nyuma, na kuondoa koti lake kwenye kiti cha kati.

Kwenye kituo cha ukaguzi, mwanamke wa makamo mwenye kipimo aliamuru, "Inua mikono."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Amembeba mke wangu," alisema Mzee Izumida.

Watu waliopanga foleni nyuma yetu wakachungulia. Nilihofu mwanamke yule atamwita mkubwa wake, mzee aone haya, aliache lile wazo palepale na kurudi kijijini. Mwanamke akapima soksi zangu, zikapiga kelele. Akanivua na kuzitupa kwenye pipa. Akapima chungu pande zote, taratibu. Akanipima kifua, na mikono palepale ilipokuwa, nyuma. Kisha akainua kipimo juu ya bega langu, pale ambapo kichwa kingekuwa, akakishusha polepole mgongoni mpaka ambapo miguu ingening'inia. Akasoma mshale.

"Mama yuko salama," akasema. "Piteni, wote watatu."