Mundu wa Mashoto

Hapana, hakuwa anacheza gemu. Hata Mzee Twaha alidhani hivyo mwanzoni. Mjukuu wake Shamsa kakaa barazani tangu asubuhi, ukungu wa milima ya Shume umekuja umeondoka, yeye macho kwenye kompyuta tu. Ugali umeshasongwa. Na nyumba ile, unajua, Bibi Mwanahawa hapakui mpaka kila mtu awe mkekani.

"Shamsa, maharage yanapoa!"

"Nakuja, bibi."

Mzee akachungulia. Kwenye kioo aliona kama shanga zilizoungwa kwa vijiti. Shamsa akamweleza polepole, maana babu yake shule aliishia la pili: hizi ni molekuli, babu, chembe za dawa, macho hayazioni. Ya kijani imetoka kwenye gome la mti wa huku kwetu. Nyekundu ni dawa inayojulikana. Programu inazilaza moja juu ya nyingine, ione kama ni kitu kimoja.

"Ni kimoja?"

"Shanga zile zile, babu. Lakini nikizilaza, pembe moja inakataa. Hii inaelekea juu, ile chini. Nimepima mara mbili. Dokta Clemence, msimamizi wangu, anataka niigeuze kwa mkono zilingane, ionekane ni dawa ile ile, nitume kabla ya saa nane. Nikikataa, ananitoa kwenye utafiti."

Mzee akainuka. Akaenda bandani, akarudi na miundu miwili ya kukatia majani ya ng'ombe, wa mkewe na wake. Yeye ni mashoto, na mundu, kama hujawahi kushika, hunolewa ubavu mmoja tu. Wake ulinolewa ubavu wa pili. Akailaza, ubavu ulionolewa juu, mmoja ukapindia huku, mwingine kule. Akaugeuza wake, ikalala sawa kama mapacha.

"Si imelingana?" Shamsa akasema kinyonge.

"Tazama ubavu ulionolewa. Wa bibi yako uko juu. Wangu?"

"Umeenda chini."

"Haya, muulize bibi yako yaliyompata siku alipouchukua wangu kwa haraka."

"Kidole hiki hapa!" Bibi akainua kidole chenye kovu. "Na yeye akacheka!"

"Mwalimu alinichapa miaka miwili niandikie kulia," mzee akasema. "Shule nikaacha, mkono sikuacha. Huyo wa kijani ni mashoto mwenzangu. Asigeuzwe na mtu."

Shamsa akamwandikia Dokta: *Sigeuzi. Nimeituma ilivyo, kwako na kwa kamati nzima ya utafiti.* Akabonyeza. Hata dakika haikupita, simu ikaita.

"Unajua ulichofanya?"

"Shikamoo, Dokta. Najua."

"Basi jina lako nalifuta!"

"Futa jina, Dokta. Molekuli usiiguse."

Akazima simu. Akafunga kompyuta, akainuka.

Bibi akaleta maji ya kunawa. Mzee, kwa mazoea, akatanguliza mkono wa kushoto.

"We mashoto! Kulia!"

"Haya, mama. Hapa nakubali bila fimbo."

Wakakaa wote mkekani, wakamega ugali. Maharage yalikuwa yamepoa kweli, na hakuna aliyelalamika.