Bluu Miguu, Nyekundu Kidole

…na nukta kwenye ramani ya ukutani haisogei, imeganda katikati ya bwawa kama iliyopigiliwa msumari, na Bi Ramani, ndivyo walimu walivyombandika jina tangu asubuhi naye akacheka akalipokea, ameshika kipanya kwa kiganja kilicholowa jasho, macho ameyakodoa ukutani, ameshaibonyeza, ameibonyeza mara moja tu kama alivyowafundisha wenyewe, bonyezeni mara moja, msiwe na pupa, itafunguka iwaambie iliwekwa saa ngapi na iliwekwa vipi, na sasa kiduara cha kusubiri kinazunguka, kinazunguka tu, mtandao wa hapa ni wa kubembelezwa, na nukta nyingine zote zimetulia mahali pa haki, ya mwalimu wa kemia iko kwenye bomba la sokoni, ya mwalimu wa baiolojia iko kisimani nyuma ya zahanati, ya mwalimu wa jiografia aliyejipenyeza kwenye mafunzo yasiyo yake iko pale chemchemini, kila moja na jina pembeni, na hii ya majini imeandikwa FIZIKIA, na mwalimu wa fizikia ni mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, na mdogo wake hajui kuogelea. “Viti virudi bwaloni au tuviache?” Ni mwalimu mkuu huyo, yuko mlangoni na rundo lake la funguo, na Bi Ramani anajibu tuviache, au anadhani amejibu, sauti imemtoka nyembamba kama si yake, na yule anaendelea kusema kitu kuhusu mlinzi na madirisha ya maabara… rangi, angeiona rangi tu, rangi ingemaliza maneno yote, maana rangi ndiyo aliyoitolea jasho asubuhi nzima, mtu akienda mwenyewe na simu yake mkononi akasimama mahali pale nukta inakuwa bluu, asipoweza kufika akaibandika kwa kidole kutoka mbali inakuwa nyekundu, na akawaimbisha watu wazima wenye vitambi na miwani kama watoto wa darasa la kwanza, “Bluu?” “Miguu!” “Nyekundu?” “Kidole!” na wakaitikia kwa kicheko mpaka wanafunzi wakaja kuchungulia madirishani, bluu miguu, nyekundu kidole, na sasa hapo ukutani hakuna bluu wala nyekundu, projekta ya shule ni mgonjwa wa siku nyingi, kila kitu inakitoa rangi ya biringanya, maji biringanya, barabara biringanya, nukta zote biringanya, mwalimu mkuu alitania kwamba mashine yao ina shinikizo la damu na yeye akacheka kuliko wote, alicheka, Mungu wangu, na kompyuta yenyewe kioo kilishakufa, kilipasuka safarini, hana pengine pa kutazama ila ukuta ule, ramani hii ya nukta zote haifunguki kwenye simu, na simu yake ndiyo inayoilisha kompyuta mtandao, akipiga simu mtandao unakatika na kiduara kinaanza upya, alishapiga mara ya kwanza, ikaita, ikaita, ikaita mpaka ikakata, akarudi kwenye kiduara kikaanza mwanzo, akapiga tena, vilevile, sasa ama apige ama asubiri, na asipopokea si ajabu, si ni yeye aliyewaambia msipokee simu wakati nukta inatafuta mahali, mtaivuruga, na kitinda ni mtu wa kushika maagizo, tangu utotoni, ukimwambia kaa hapa usiondoke utamkuta hapo hapo jua limemhama, basi ndiyo maana hapokei, ameshika maagizo, au simu iko kavu juu ya jiwe ukingoni pamoja na viatu… hapana, hapana, simu ikiwa ukingoni nukta ingekuwa ukingoni, yeye mwenyewe ndiye mwalimu wa mambo haya, nukta hufuata simu, basi kama ni bluu simu iko katikati ya maji, na simu ikizama haisemi tena, itakuwa ilisema neno la mwisho ikiwa juu, mkononi, au mfukoni mwa shati lile alilolipiga pasi leo asubuhi, akalipiga tena, akalipiga tena, mpaka yeye dada mtu akamwambia we kaka, utaliunguza, naye hakujibu utani, yeye ambaye zamani ukimpa neno moja anakurudishia kumi.

Kesho nitakwenda nyumbani, dada. Hivyo ndivyo alivyosema jana, akiwa anamshikia nyaya azikunje, na yeye alikuwa na kipande cha utepe wa gundi mdomoni, akaguna haya, nenda, ila usichelewe mafunzo ukanitia aibu mbele ya wenzako, akaendelea kukunja, na hakujiuliza, mtu amesimama sebuleni kwenu, kwenye nyumba mnayokaa wote wawili, anasemaje kwamba kesho atakwenda nyumbani, nyumbani wapi, wakati nyumbani kwingine hakupo, kuko chini ya bwawa, kulizamishwa wakiwa wadogo, walihamishwa na masufuria na kuku na mlango uliong’olewa bawaba, na maji yakapanda juu ya kizingiti alichokuwa akikalia mama kuchambua mboga, juu ya jiko, juu ya paa, sasa kuna maji tu yaliyotulia na mtambo wa umeme mbele yake… na mama alipokuwa anakata roho mwaka huu alisahau yote hayo, akawa anasema nirudisheni nyumbani, nizikeni nyumbani, na Bi Ramani alikuwa nje anaongea na daktari, ni kitinda aliyekuwa ameshikwa mkono, ni yeye aliyesema sawa mama, tutakupeleka, angesema nini tena mtoto wa watu, na wakamzika makaburi ya mjini kwa sababu hakuna mtu anayezikwa ndani ya maji, na tangu siku ile taa ya chumbani kwake haizimwi. “Subira yavuta heri, Bi Ramani,” mwalimu mkuu anasema, ameona kiduara, anacheka kidogo, “mtandao wetu huu nao unataka kusukumwa mgongo kama gari bovu,” naye anatingisha kichwa, ndiyo, mgongo. Iwe nyekundu. Ewe Mola, iwe nyekundu, iwe kidole, kidole tu, si kitinda mwenyewe aliyeuliza asubuhi, akanyoosha mkono nyuma ya darasa, “Samahani dada… samahani, mwalimu,” wakaangua kicheko, “na mahali pasipofikika kwa mguu tunapaweka vipi?” na yeye akafurahi, swali zuri, akaeleza kidole kikandamize kisiinuke mpaka nukta itokee, hiyo ni nyekundu, basi anajua njia ya kidole, mtu aliyeuliza njia ya kidole ana haja gani ya miguu… au aliuliza apime, aliuliza ili kama njia ya kidole ipo asiende, au aliuliza kwa sababu tayari alikuwa anakwenda, mbona aliposikia jibu hakuandika, mbona alitazama dirishani, na zamani mama akimfukuza akaoge alikuwa akisimama mlangoni na taulo begani kama shehe wa uongo anahubiri, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na nyumba nzima inacheka, maneno gani haya ya kukumbuka sasa, yatoke, yatoke kichwani.

Nje kuna sauti, walimu wanarudi, huyo ni mwalimu wa kemia, kicheko chake kinatangulia kona nzima, huyo mwingine ni wa baiolojia analalamikia mguu, na wa jiografia anamtania, anazichambua sauti mojamoja, ya nne haipo, labda yuko nyuma, yeye hutembea nyuma, labda yuko nyuma kimya… na swali lenyewe alilowatuma walimu wakalijibu lilikuwa jepesi la kupasha moto, maji ya kwenu yanatoka wapi, nendeni mkasimame pale mbonyeze, kesho wanafunzi wenu wafanye hivyo hivyo walinganishe visima na magonjwa ya tumbo, sayansi itoke kitabuni iingie mtaani, maneno yake hayo, ameyasema shule ngapi, na hakufikiri kwamba kuna mtu mmoja darasani ambaye ukimuuliza maji ya kwenu atajibu kwa bwawa lile. Haya, na iwe nyekundu. Kiduara kikome kuzunguka, kifunguke, kiseme kidole. Atafanyaje? Atashusha pumzi, atacheka peke yake, atasema ah, mtoto huyu atanitoa roho, atakunja nyaya, na jioni shangazi akipiga kuuliza kitinda anaendeleaje atamjibu hajambo shangazi, anakula, anafundisha, kama alivyojibu wiki iliyopita na wiki ya kabla yake, akijua juu ya ile taa, akijua juu ya lile shati… na kwa jibu la kidole mdogo wake atakuwa amekaa mahali fulani peke yake, ameivuta ramani ikawa kubwa mpaka kioo kizima kimejaa maji, maji matupu yasiyo na alama, na ndani ya maji hayo amekitafuta kizingiti cha mama, amekikuta, amekandamiza kidole asikiinue mpaka nukta ikatokea. Hofu inamgeuka mkononi kama kisu, haikuwa ile, ile ya rangi ilikuwa nafuu, ile ilikuwa na jibu, hii haina jibu la kusubiri ukutani, maana bluu au nyekundu mdogo wangu yuko majini, yumo tangu tulipomzika mama, na mimi nimesimama hapa kwenye sakafu kavu nangoja mashine iniambie kama ni miguu au ni kidole. “…basi nifunge maabara kwanza?” mwalimu mkuu anasema, na safari hii anamsikia, anamsikia wazi, anaachia kipanya, kiganja kimeacha alama ya maji juu yake, anapapasa chini ya meza kutafuta viatu vyake, “Mwalimu,” anasema, “kule bwawani, kutokea hapa, panafikika kwa mguu?” Mwalimu mkuu anautazama ukuta, anamtazama yeye, anazitia funguo mfukoni. “Panafikika,” anasema. “Njia ipo. Nitakupeleka.” Na ukutani kiduara bado kinazunguka.